Kupanga nafasi za herufi kwa mkasi na manila

Wanafunzi wachore neno WATALII kwenye manila, kila herufi kimo cha sentimita 8, kisha wazikate. Kwanza wazipange kwa rula, milimita 5 kati ya ncha zinazokaribiana zaidi. Neno litaonekana limepasuka: miinamo ya W na A, pamoja na mikono ya T, huacha mapengo makubwa, ilhali I mbili za mwisho zimebanana.

Rula iwekwe kando. A isogezwe mpaka iingie chini ya mkono wa W, zile I ziachanishwe. Kisha wahamie upande wa pili wa meza, walitazame neno likiwa kichwa chini; hapo jicho huacha kusoma, badala yake huona nafasi tupu. Wasigundishe mapema. Gundi ya maji hukunja manila. Ya kijiti ni afadhali.