Kukabili Madeni ya Simu na Msongo wa Mawazo Kazi Inapopungua

Wafanyakazi wengi nchini Kenya hawaelemewi na deni moja kubwa, bali na madeni madogo mengi yanayoiva kwa wakati mmoja: Fuliza, mkopo wa M-Pesa unaojikata pesa zinapoingia, mkopo wa M-Shwari uliochukuliwa kwa simu kwa ajili ya dawa, programu mbili au tatu za mikopo kwenye simu, zamu ya chama (kikundi cha kuchangiana pesa), na salio la karo. Zamu za kazi zikikatwa au biashara ikidorora, kinachomnyima mtu usingizi mara nyingi ni kutojua jumla ya anachodaiwa, kwa kuwa deni lisilojulikana huhesabiwa upya kila usiku, na kila usiku huonekana kubwa zaidi.

Kwa hiyo anza na daftari. Omba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, kisha andika kila anayekudai, kiasi kilichobaki, ada au riba anayotoza, tarehe ya kulipa, na jambo litakalotokea usipolipa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito, nayo ndiyo watu wengi huiacha. Ukikosa kodi ya nyumba, familia inafungiwa mlango. Ukishindwa kulipa mkopo wa sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, wadhamini wako, ambao pengine ni wenzako wa kazini, ndio watakaokatwa. Ukichelewesha mkopo wa programu, utapigiwa simu za usumbufu na huenda jina lako likapelekwa CRB, shirika linalotunza kumbukumbu za wakopaji, jambo ambalo ni zito lakini halimlazi mtoto njaa.

Ukishaona hayo, panga malipo kwa kufuata madhara, wala usifuate kelele za anayedai. Chakula, kodi, maji, dawa na nauli ya kwenda kazini hutangulia. Baada ya hapo huja madeni yenye dhamana au wadhamini, kisha mikopo ya simu, ukianza na ile inayotoza ada kubwa zaidi. Wapo wanaoshauri kuanza na deni dogo kuliko yote ili mtu apate moyo, na sikatai kwamba kufuta jina moja katika orodha huleta nafuu. Hata hivyo, kipato kinapokuwa kimepungua, ada ndiyo inayommaliza mtu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mkopo wa shilingi 10,000 unaotozwa asilimia 7.5 kwa siku 30 hugharimu shilingi 750, kiasi ambacho hakimtishi mtu. Ukiukopa upya kila mwezi kwa mwaka mzima, utakuwa umelipa ada ya shilingi 9,000, na zile 10,000 bado unadaiwa. Kiasi hichohicho kikikopwa kwenye sacco kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi inayotozwa kwenye salio linalopungua, na kulipwa kwa miezi 12 kwa mafungu sawa ya msingi, riba yote ni takriban shilingi 650. Hii ndiyo sababu ya kuacha kabisa kukopa huku ili kulipa kule, hata kama hatua hiyo itamaanisha kuchelewa kumlipa mkopeshaji mmoja. Futa programu ambazo hudaiwi nazo, ili usijaribiwe saa tano za usiku. Kubashiri michezo kwa matumaini ya kulipa deni ni kuongeza deni, na hapa sioni nafasi ya kulainisha maneno.

Zungumza na mkopeshaji kabla ya tarehe ya kulipa kufika, tena kwa maandishi. Mweleze kipato kilivyobadilika, taja kiasi unachoweza kulipa na siku utakayolipa, kisha omba muda urefushwe. Usiahidi kiasi kikubwa kwa sababu ya haya. Ahadi ndogo inayotimizwa humsaidia kila mmoja. Fanya vivyo hivyo na mwalimu mkuu kuhusu karo, na mweka hazina wa chama kuhusu zamu yako, kwa maana wengi hukubali kupokea kidogo kidogo wakiambiwa mapema.

Jua pia haki zako. Kanuni za watoa mikopo ya kidijitali za mwaka 2022 zinawataka wakopeshaji hao wawe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na zinawakataza kumtisha au kumtukana mdaiwa, au kuwapigia watu waliomo katika simu yake ili kumwaibisha. Ukitendewa hivyo, hifadhi ujumbe na nambari, kisha wasilisha malalamiko kwa Benki Kuu au kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2019. Una haki ya kupata ripoti moja ya CRB bila malipo kila mwaka. Isome, na upinge kosa lolote utakaloliona.

Nyumbani, mwonyeshe mwenzi wako daftari lile. Siri ya deni huchosha kuliko deni lenyewe, na mwenzi asiyejua ataendelea kupanga matumizi kwa mshahara ambao haupo. Tengeni saa moja kwa juma ya kuzungumzia pesa, na nje ya saa hiyo mada hiyo ipumzike. Michango ya harusi na mazishi ikija, tajeni kiasi mnachokiweza au mwombe radhi waziwazi.

Ikiwa kazi imekwisha kabisa kwa sababu mwajiri amepunguza wafanyakazi, usitie saini karatasi yoyote kwa haraka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja, malipo ya likizo ambayo hukuchukua, na fidia isiyopungua ujira wa siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi. Fedha hizo zikiingia, tenga kwanza kodi na chakula cha miezi kadhaa kabla ya kumgusa mdai yeyote.

Usingizi ukikosekana kwa majuma, hamu ya chakula ikipotea, au mawazo ya kujidhuru yakianza kujitokeza, tafuta msaada siku hiyohiyo: mwambie mtu unayemwamini akae nawe, nenda kituo cha afya kilicho karibu, au piga 1199, nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya isiyotozwa malipo, uzungumze na mshauri.