Uvuvi kwenye barafu: usimsubiri samaki, mfuate

Msimu wangu wa kwanza kwenye barafu nilikalia ndoo niliyoipindua, juu ya shimo moja, asubuhi hadi jioni. Nilidhani huo ndio uvumilivu wa mvuvi. Nikarudi na vidole vilivyokufa ganzi, samaki hakuna. Siku hizi natoboa mashimo 15 au 20, na shimo lisiloonyesha uhai silipi zaidi ya dakika 5. Vifaa vya kisasa vina faida nyingi, lakini kubwa kuliko zote ni hiyo: vinakuwezesha kuhama.

Hatua ya 1: Pima barafu

Hapa hakuna usasa. Kifaa ni mtaimbo. Piga mbele yako kila baada ya hatua chache. Ukipenya kwa pigo moja au mawili, geuka urudi kwa nyayo zako zilezile.

Barafu mpya iliyo ngavu, ile inayoonekana nyeusi kwa sababu maji yanaonekana chini yake, humbeba mtu anayetembea ikifika unene wa sentimita 10. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji kulowa na kuganda, ina takriban nusu ya nguvu hiyo, kwa hiyo idai unene maradufu. Na usipime mahali pamoja ukaridhika. Kwenye midomo ya mito, juu ya chemchemi na kandokando ya matete, barafu huwa nyembamba hata kama hatua 20 pembeni ni nene kama ukuta.

Vaa jaketi okozi, na shingoni ning'iniza misumari miwili yenye mipini. Ukitumbukia, geukia upande uliotokea, maana barafu ya huko ilishakubeba. Kita misumari, piga miguu kama unaogelea mpaka ulale kifudifudi, kisha bingirika kwenda mbali na shimo. Usisimame hapohapo.

Hatua ya 2: Toboa yote kabla ya kuvua

Maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi, ndiyo maana wakati wa baridi kali maji ya chini ndiyo yenye joto kuliko yanayogusa barafu. Samaki wengi hushuka, hupunguza mwendo na kula kidogo. Mwanzoni mwa msimu watafute kwenye mimea ya majini ya kina kifupi iliyo bado kijani. Theluji ikirundikana juu, mwanga hupungua, mimea hufa, na kuoza kwake hula oksijeni. Samaki huhamia kina kirefu. Mwishoni mwa msimu, maji ya kuyeyuka yanapoanza kuingia, hurudi kando.

Fungua ramani ya vina kwenye simu, tafuta mahali ambapo sakafu ya ziwa inateremka ghafla, kisha toboa mstari wa mashimo kutoka juu ya mteremko hadi chini yake. Keekee ya betri humaliza shimo kwa sekunde chache. Tundu la sentimita 15 linatosha samaki wadogo kama perchi. Ukitafuta paiki au trauti wakubwa, chukua la 20 au 25. Betri za akiba ziweke ndani ya koti, kwani baridi huzidhoofisha haraka.

Toboa yote kwanza, kisha nyamaza. Anayetoboa na kuvua, kutoboa na kuvua, hasa kwenye kina cha mita 2 au 3, anawafukuza aliowafuata.

Hatua ya 3: Jifunze kusoma sonari

Ukiwa na fedha ya kifaa kimoja tu, nunua sonari, yaani kifaa kinachotambua samaki kwa mawimbi ya sauti, ya kawaida ya duara, ile inayoonyesha rangi. Hizi mpya zinazotazama mbele na pembeni zikakuonyesha samaki akiogelea kama kwenye televisheni ni za ajabu kweli, lakini nimeona watu wakishinda wameinamia kioo, mshipi umelala. Anza na ile rahisi.

Shusha kipitishi, sehemu inayotoa mawimbi, ndani ya maji, kitulie wima. Kisha teremsha chambo na uanze na usikivu wa chini, ukipandisha polepole mpaka chambo chako kionekane kama mstari mwembamba. Ukizidisha, kioo kinajaa takataka. Mawimbi yanatoka kwa umbo la pia: kwa pembe ya nyuzi 20, kwenye kina cha mita 9 unaona duara la mita 3 hivi na hakuna zaidi. Samaki aliye pembezoni huonekana kama mstari hafifu. Akija chini ya shimo, mstari unanenepa na rangi inakolea. Na yule wa pembezoni huonekana yuko chini kuliko alipo, kwa sababu sonari inapima umbali wa mshazari.

Mkivua jirani na mwenzako mwenye sonari, vioo vitaanza kuchezacheza. Badilisheni mpangilio wa kuzuia mwingiliano, msilaumiane.

Hatua ya 4: Uzi na chambo

Ufito mfupi, sentimita 60 hadi 90, wenye ncha laini. Kwa perchi natumia uzi wa florokaboni wa nguvu ya kilo 1 au 2. Uzi wa kusukwa hufyonza maji na kuganda, kwa hiyo mimi huuacha kwa uvuvi ndani ya hema lenye joto. Humo ndani, kama unawasha hita ya gesi, acha tundu la hewa wazi: gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi haina harufu.

Chambo cha metali ya tungsteni kinastahili bei yake. Kwa ukubwa uleule ni kizito kuliko cha madini ya risasi kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo kinazama haraka, kinanyoosha uzi, na sonari inakiona vizuri. Kabla ya kukishusha, kining'inize kwanza hewani. Kikizunguka kama pia, uzi umejisokota. Uachie wote chini, ukiwa na chubwi tu, ujinyooshe. Samaki wavivu wa majira ya baridi hawagusi kitu kinachozunguka.

Hatua ya 5: Mchezo wenyewe

Kioo kikiwa kitupu, chezesha kwa nguvu: inua sentimita 30, achia, tulia. Unaita. Mstari mpya ukitokea chini, acha makeke. Tetemesha ncha ya ufito kidogo tu, kisha anza kupandisha polepole. Akifuata, endelea kupandisha. Akisita, simama, hesabu mpaka 5, tetemesha tena. Kosa la karibu kila mgeni ni kumshushia chambo usoni. Wengi wa samaki hawa hutazama juu na kula kwa kupanda, ukishuka chini yao wanageuka na kuondoka. Ukihisi uzi umelegea ghafla, kaza: amekinyanyua.

Mshipi wa pili, wa chambo hai chini ya bendera inayoinuka samaki akivuta, utege mita kadhaa pembeni ikiwa sheria za ziwa lenu zinaruhusu mishipi miwili.

Samaki unayetaka kumrudisha usimlaze juu ya theluji. Hewa iliyo chini ya sifuri huumiza macho na matamvua. Mtolee ndoana kwenye maji ya shimo. Aliyetoka kina cha zaidi ya mita 10 mara nyingi kibofu chake cha hewa kimeshavimba, kwa hiyo huko kwenye kina vua kile utakachokula, kisha hamia juu.

Ukiondoka, simika tawi au rundo la theluji kwenye kila shimo. Shimo la sentimita 25 hufunikwa na ngozi nyembamba ya barafu kisha theluji, na anayefuata hulijua mguu wake ukiwa tayari ndani.