Somo: Tuta lako litakupa kilo ngapi? Kukadiria mavuno ya bustani ya nyumbani

Wengi huchukua tani za ekari zilizoandikwa kwenye pakiti ya mbegu, wakazigawa mpaka zikatoshea tuta la nyuma ya jiko. Hesabu hiyo ni ya shamba lenye jua la kutwa, mbolea na maji ya uhakika. Kwa bustani ya nyumbani, hesabu mashina na upime mavuno yako mwenyewe.

Hatua ya 1. Pima tuta, si kiwanja. Njia za kupita hazizai. Tuta la mita 1 kwa 5 la sukuma wiki, kwa nafasi ya sentimita 45 kila upande, linabeba mistari miwili ya mashina 11, yaani 22.

Hatua ya 2. Wiki mbili baada ya kuhamisha miche, hesabu upya. Sota (viwavi wanaojificha udongoni) hukata miche usiku, usawa wa udongo. Ikibaki 20, tumia 20.

Hatua ya 3. Uchumaji ukianza, toa vikonyo kama unavyofanya jikoni, kisha pima majani 10 kwa pamoja. Yakiwa gramu 300, jani moja ni gramu 30. Ukichuma majani 3 kila shina kwa wiki: 20 × 3 × 30 = gramu 1,800. Rudia kipimo kila mwezi, kwa sababu majani hupungua ukubwa kiangazi.

Hatua ya 4. Nyanya zinataka uangalifu zaidi. Hesabu matunda yaliyokwisha kufunga, usihesabu maua. Joto kali la usiku au maji ya kusuasua huyadondosha. Chagua mashina manne, mazuri na dhaifu, utafute wastani. Vichala 5 vyenye matunda 4 ya gramu 80 ni kilo 1.6 kwa shina. Mashina 12 ni kilo 19.2. Toa robo kwa ajili ya kantangaze (nondo ambaye viwavi wake hutoboa nyanya), matunda yanayooza kitako na yanayopasuka: zinabaki kama kilo 14. Hazitaiva siku moja. Zikichumwa kwa wiki saba, ni kilo 2 kwa wiki, na hiyo ndiyo namba ya kupangia mboga ya nyumbani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mchicha nimeumwagia mbegu tu. Nahesabuje mashina?*
Usihesabu. Funga vijiti vinne vipate fremu ya sentimita 50 kwa 50. Iweke sehemu tatu: penye msongamano, pa wastani na palipo peupe. Ng'oa, kata mizizi, pima, tafuta wastani, kisha zidisha kwa 4 upate kilo za mita moja ya mraba. Ukiweka fremu penye mchicha mzuri peke yake, utajidanganya.

*Sukuma yangu ilitoa kilo 2 kwa wiki, sasa haifiki kilo. Mbegu mbovu?*
Mara nyingi ni uchumaji. Acha majani 5 au 6 ya juu kila mara; shina lililonyonyolewa halina pa kutengenezea chakula. Ng'oa machipukizi ya pembeni, weka samadi iliyooza vizuri, na geuza majani uangalie vidukari.

*Nusu ya tuta iko chini ya mwembe. Nikate nusu ya makadirio?*
Hapana, pima pande mbili mbali mbali. Mboga za majani huvumilia kivuli kidogo. Nyanya huko zitarefuka na kuzaa haba, kwa hiyo zihamishie juani.