Kupiga bunduki shambani kwako bila kugombana na majirani (kwa sisi wa Mtwara na Lindi)

Huku kwetu Nachingwea ukiwa na shamba la mihogo na karanga karibu na pori basi ujue una wageni, nguruwe pori anafukua mihogo usiku, ngedere na nyani wanashinda kwenye mahindi mchana kweupe na hata hawakimbii wakikuona. Kwahiyo wapo wakulima wachache tuna leseni na bunduki ya marisawa ndani, ile inayotoa vigololi vingi kwa mlio mmoja. Vijana wakinifata wanataka habari za shabaha tu. Shabaha sio tatizo, nguruwe kwenye mwanga wa tochi ni mkubwa wa kutosha. Tatizo ni wale usiowaona: mama anaokota korosho upande wa pili wa mpaka, kijana amelala kwenye dungu lake, mzee anatoka kwenye uraka, pombe ya mabibo, anakatiza katikati ya shamba lako kwa sababu hiyo njia ilikuwepo kabla wewe hujalinunua. Mwongozo huu unawahusu hao zaidi kuliko nguruwe.

Hatua ya 1: Karatasi

Hapa napita haraka. Silaha inaendeshwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, maombi yanaanzia kijijini kwako, wanaokujua ndo wanasema kama unafaa, alafu yanapanda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, na kuendelea. Leseni unailipia kila mwaka. Gobore la kuchongesha kwa fundi bila leseni ni kesi, usiniambie babu yako alikuwa nalo.

Kingine watu wanachanganya sana: leseni ya bunduki sio kibali cha kuwinda. Mnyamapori hata akiwa amesimama katikati ya mihogo yako ni mali ya umma, hiyo ipo kwenye Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kwahiyo kabla ya msimu nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, mweleze shamba lipo wapi, wanyama gani wanasumbua, akuambie nini ruksa na nini hapana. Tembo usimfikirie kabisa. Wa Liwale na Nachingwea tunawajua, wakiingia unaita askari wa wanyamapori, wakishaharibu unafuatilia kifuta jasho, basi. Marisawa kwa tembo ni kumkasirisha tu alafu hasira zake anaenda kuzimalizia kwa jirani.

Na kama unachotaka ni kuweka shabaha shambani mje mshindane na marafiki weekend, hilo ni jambo lingine, lina vibali vyake, kaulize polisi kwanza.

Hatua ya 2: Jua risasi yako inaishia wapi

Hii ndo hatua ambayo nikimuona mtu hajaifanya simkaribishi shambani kwangu na bunduki yake.

Chukua mfano wa shamba la ekari tano. Ekari moja tunahesabu hatua 70 kwa 70, kwahiyo ekari tano zikiwa mraba kila upande ni kama mita 140 na kidogo. Sasa marisawa madogo kabisa yale ya ndege yanaweza kufika mita 200. Yale makubwa ya kupigia nguruwe yanapita mita 500. Umeona? Ukisimama katikati ya shamba lako mwenyewe, popote utakapoelekeza mtutu, ukikosa, mzigo unaweza kutua kwa mtu mwingine. Bunduki za risasi moja moja kama wanazobeba maaskari ndo usiseme, zile zinahesabiwa kwa kilomita, mimi kwa shamba la kijijini lenye watu pande zote siitaki hata ya bure.

Kwahiyo unafanya hivi. Mchana, bila bunduki, zunguka mpaka wote. Kila upande jiulize kuna nini mbele kwa nusu kilomita: nyumba, kisima, njia ya shule, dungu la mtu, mashine ya kusaga. Mikorosho ya zamani matawi yanagusana na yameinama mpaka chini, huoni kitu baada ya hatua ishirini, na usidhani majani yatazuia risasi, kutoona sio kizuizi. Ukimaliza kuzunguka utabaki na pande mbili au moja ambazo unaweza kupiga. Shamba lingine utakuta hakuna hata upande mmoja na hapo jibu ni mbwa na debe, bunduki ibaki ndani.

Pande salama zinatakiwa ziwe na kitu cha kupokea risasi nyuma ya mnyama. Kichuguu kikubwa ni kizuri sana, tunavyo vingi. Mteremko unaopanda ni mzuri. Newala na Tandahimba kule juu mchanga ni mwingi, tuta la mchanga linameza marisawa vizuri ila mvua zikinyesha linashuka, lipandishe tena. Wa Masasi mna kazi zaidi maana yale majabali yenu risasi ikigonga inaruka na hujui itaenda wapi, usipige kuelekea jiwe hata kama nyuma yake hakuna mtu. Maji nayo hivohivo, bwawa linarusha risasi.

Alafu otesha mti mmoja mmoja wa alama, au paka chokaa kwenye mashina, ili usiku ukiwa umesimama kwenye sehemu yako ujue kutoka shina hili mpaka lile naruhusiwa, nje ya hapo hapana hata nguruwe asimame ananiangalia. Usiku akili inadanganya pande, chokaa haidanganyi.

Kupiga hewani kufukuza wanyama achaneni nako. Kilichopanda kitashuka, na mabati ya watu yapo hapo. Ukitaka kishindo piga chini kwenye tuta.

Hatua ya 3: Nenda kwa majirani kwa miguu yako

Meseji kwenye grupu la kitongoji haitoshi, wazee nusu hawana simu za grupu. Nenda mwenyewe, jioni watu wakiwa wamerudi, na uende mikono mitupu, yaani bunduki usiibebe kwa sababu yoyote ile. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji maana ndo atakaepigiwa simu usiku ukipiga, alafu nyumba kwa nyumba zile ulizoziona kwenye hatua ya 2.

Maongezi yenyewe ni ya kawaida. Shikamoo mzee, za nyumbani, korosho zimekaaje mwaka huu, alafu ndo unaingia. "Mzee wangu, nguruwe wamenizidi kule kwenye mihogo, nimepata ruhusa, kuanzia wiki ijayo unaweza kusikia mlio usiku. Nitapiga kuelekea bondeni tu, huku kwako sielekezi. Namba yangu hii, na wewe ukiwa na mtu anapita kule usiku niambie." Hapo nyamaza umsikilize. Atakuambia mambo ambayo hukuyajua, kwamba mkwe wake amelima karibu na bonde, kwamba watoto wanapita pale alfajiri kwenda kuchota maji. Kuna mama mmoja jirani yangu wala hakuwa na wasiwasi na risasi, alikuwa na mbuzi mwenye mimba na kuku wanaotamia, akaniomba nimpigie simu kabla nikitaka kupiga, na nampigia mpaka leo.

Wenye mashamba kata za kusini kule karibu na mto Ruvuma hii hatua kwenu mara mbili. Tangu yale mashambulizi ya wanamgambo Cabo Delgado, ng'ambo Msumbiji, na uvamizi wa Kitaya Oktoba 2020, mlio wa bunduki usiku kule mtu hawazi nguruwe. Watu wanabeba watoto wanaingia porini na vyombo vya dola vinakuja kweli. Kule mtendaji wa kijiji na polisi kata wajue kabla, siku na saa, na kama hawajakubali basi hakuna kupiga.

Mpe kila jirani nafasi ya kusema hapana kwa siku fulani. Anajua kitu anachokataa.

Hatua ya 4: Siku na saa za kuacha

Hizi hazijaandikwa popote ila ukizivunja utakuwa na leseni na huna wa kukusalimia.

Kukiwa na msiba hupigi, mpaka watu watawanyike. Ijumaa mchana na nyakati za swala hupigi, Jumapili asubuhi kwa wa upande wa Masasi na Ndanda vilevile. Kukiwa na kambi ya jando porini, ambazo nyingi ni shule zikifunga, ule upande wote unaufuta, maana watoto wako huko na hutaambiwa wako wapi hasa. Uliza tu kwa wakubwa "naweza kwenda bondeni?" watakujibu.

Msimu wa korosho, kuanzia Septemba Oktoba mpaka mwisho wa mwaka, asubuhi ni marufuku. Watu wapo chini ya mikorosho wameinama wanaokota, huwezi kuwaona. Na kabla ya hapo wakati wa kupuliza salfa watu wanaamka usiku wa manane hewa ikiwa imetulia, kwahiyo usiku wa jirani sio lazima awe kitandani. Usiku wa msimu wa mabibo una wanywaji wa uraka wanaorudi makwao kwa njia wanazozijua wao, wengine wanapumzika njiani, na aliyelala kwenye majani makavu anakoroma kama nguruwe kabisa, sitanii.

Na kumbuka usiku uliotulia mlio unakwenda mbali kuliko mchana, kijiji cha pili watasikia.

Hatua ya 5: Usiku wenyewe

Anza na visivyo bunduki, debe, mbwa, filimbi, moto wa pembeni uliofagiwa vizuri. Siku nyingi inaishia hapo.

Ikishindikana, piga simu au tuma mtu kwa wale majirani wa karibu: "natoka sasa hivi." Nenda na mtu mmoja wa tochi, asimame nyuma yako, sio pembeni. Weka kitu masikioni, bunduki ya geji 12 inapita desibeli 140 na masikio hayarudi, wazee wenye magobole wote ukiwasalimia unarudia mara tatu. Risasi inaingia kwenye bunduki ukishafika kwenye sehemu yako ya chokaa, wakati wa kutembea bunduki iwe wazi na tupu.

Ukiona macho yanang'aa hujaona mnyama bado. Mbuzi macho yanang'aa, mbwa wa jirani vilevile, na ng'ombe. Subiri uone mwili wote. Sauti kwenye majani sio mnyama. Tingisha tochi, ita "nani huyo?" kwa sauti, atakimbia ndio, si ndo ulichotaka?

Ukishapiga, ukimaliza, piga simu tena kwa mwenyekiti: imekwisha, nimepiga mara moja, naenda kulala. Watu wanasubiri hiyo simu kuliko ya mwanzo. Andika kwenye daftari tarehe, saa na risasi ngapi, siku ukiulizwa unafungua. Maganda yaokote yote asubuhi kabla watoto hawajayafanya filimbi. Na kiangazi kikali majani ya mikorosho yamekauka, hasa wenye gobore la leseni mnaoshindilia tambara, angalia moto pale ulipopigia kabla hujaondoka.

Hatua ya 6: Mzoga

Ukimuua, toa taarifa kwa mtendaji na afisa wanyamapori. Nyama si yako mpaka wao waseme. Ila kuna la ujirani hapa: nguruwe pori usimburuze kupita uwanjani kwa watu, usimchunie karibu na kisima, usimbebe kwenye bodaboda ya mtu bila kumuuliza wala kuazima sufuria ya jirani. Huku wengi ni Waislamu na hata mtu anayekupenda atakuchoka kwa hilo. Fukia mbali na maji, kina cha kutosha mbwa wasifukue.

Hatua ya 7: Bunduki na ugomvi visikutane

Ng'ombe wa wafugaji wakiingia shambani, na tangu wafugaji wa bonde la Ihefu kule Mbeya walipohamishiwa huku hizi kesi zipo, usitoke na bunduki. Hata isiyo na risasi. Hata begani. Piga picha uharibifu, ita mwenyekiti na bwana shamba atathmini, mwenye ng'ombe aitwe. Ugomvi wa mpaka nao unaenda Baraza la Ardhi la Kijiji, wale wajumbe saba, mkashindwana mnapanda kata. Mtu akishakuona mara moja kwenye mpaka na bunduki, kila mlio wa usiku kuanzia hapo atauhesabu kuwa ulikuwa wake.

Akija jirani amekasirika asubuhi, mkalishe, mpeleke mpaka sehemu yako umuoneshe chokaa, tuta, na marisawa yalipoingia. Asiporidhika mwambie mwezi huu sipigi upande huu, na kweli usipige. Mihogo itapungua kidogo.

Ukisafiri siku nyingi peleka bunduki kituo cha polisi ikahifadhiwe. Siku mbili tatu, ifungie, risasi sehemu nyingine, funguo uondoke nazo wewe. Kijana wa shamba mwachie tochi, filimbi na namba ya mwenyekiti.