Mwalimu, kabla hujalipia fomu ya chuo

Walimu vijana huniletea matangazo ya vyuo kwenye simu: "Mwalimu Mkuu, nikasome hii?" Nami huuliza kwanza: unataka kubaki darasani, au unakitaka kiti changu?

Anayetaka kiti namwelekeza ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, pale Bagamoyo. Mwanza na Mbeya pia wapo. Stashahada yao ya uongozi wa elimu inagusa yale ambayo chuo cha ualimu hutupitisha juu juu: bajeti, mipango ya shule, kusimamia watu wazima wenzako. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Anayebaki darasani na cheti chake cha Daraja A, stashahada ya ualimu humfungulia njia ya kutoka TGTS B kwenda C, na shahada humfikisha D; TGTS ni ngazi za mishahara ya walimu wa serikali. Chuo Kikuu Huria kinamfaa asiyeweza kuacha familia. Ila chagua masomo unayofundisha. Shahada ya uhasibu ni nzuri, lakini mwajiri ataitazama kama mapambo.

Hakiki chuo: cha stashahada kwa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, na cha shahada kwa TCU, tume ya vyuo vikuu. Dakika chache tu kwenye tovuti zao.

Sasa ruhusa, na hapa tulia. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, ipitie kwa mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu wa Wilaya. Ianze safari mapema, ili jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Usiridhike na "nenda tu, tutamalizana". Aliyekwambia hivyo akihamishwa, wewe unabaki mtoro kazini, na shauri la utoro huishia Tume ya Utumishi wa Walimu. Dai nakala yenye muhuri.

Wakati unasubiri majibu, usidharau MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Haipandishi mshahara, kweli. Lakini moduli zimo kwenye mfumo wa mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania, bure, na jumuiya ya ujifunzaji iko hapo hapo shuleni. Kwetu, mwalimu wa darasa la pili alituonyesha kutoa kwa kuchukua kwa vifuniko vya soda. Wa darasa la sita wakanakili.

Ukihitimu, andika barua ya kubadilishiwa muundo, yaani kuwekwa kwenye ngazi ya elimu yako mpya. Ambatisha cheti, matokeo na ile ruhusa yenye muhuri. Wasipoiona, faili litarudi kwako.