Ukienda kiwanda cha magitaa cha PRS, kaa sana kwenye shingo

Wapiga gitaa wenzangu mnaoishi Washington, Baltimore na Silver Spring, kiwanda cha magitaa cha Paul Reed Smith (PRS) kiko jirani yenu na wengi hamjakanyaga. Kiko Stevensville, Maryland, kwenye kisiwa cha Kent. Mimi napiga solo kwenye bendi ya harusi za Watanzania na Wakenya huku, na marehemu baba alikuwa seremala Ifakara. Nitakayosema yametoka kwenye kazi hizo mbili.

Ziara hufanyika siku za kazi, na ni lazima ujiandikishe mapema kwenye tovuti yao. Soma ratiba na masharti yaliyopo sasa kabla hujaomba ruhusa kwa bosi. Bila gari ni taabu. Ukitoka Annapolis unafuata barabara ya 50 na kuvuka daraja la Chesapeake Bay, karibu kilomita 7. Ukishuka tu, umefika kisiwani. Tozo ya daraja hukatwa ukielekea mashariki peke yake. Wakati wa kiangazi usipange Ijumaa mchana, maana watu wanakimbilia ufukwe wa Ocean City na foleni haina mwisho. Vaa viatu vinavyofunika vidole, na uliza kwanza kabla ya kupiga picha.

Kabla ya kwenda, shika jambo moja kichwani: urefu wa uzi unaolia. Kwenye Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, ni milimita 648, kwenye Les Paul la kampuni ya Gibson ni kama 628. PRS wamesimama katikati, inchi 25 kamili, yaani milimita 635. Ndiyo maana mtu aliyezoea Fender akishika PRS huona nyuzi zimelegea kidogo, na wa Gibson huona zimekaza. Paul Reed Smith alianzisha kampuni mwaka 1985 pale Annapolis, na alimtafuta mzee Ted McCarty, aliyeiongoza Gibson tangu 1950 hadi 1966, akajifunza kwake. Mwaka 1994 akatoa gitaa lenye jina la mzee huyo. Ukijua hayo, maelezo ya kiongozi wa ziara yatakuingia vizuri.

Ndani, wageni wengi huvutwa na rangi. Nakuomba uanzie kwenye mbao. Mwili kwa kawaida ni mahogani, jamaa ya mkangazi wetu, na juu yake hubandikwa mepo, ule mti wenye jani lililo kwenye bendera ya Kanada. Ubao wa mepo hupasuliwa katikati na kufunguliwa kama kitabu, ndiyo maana michirizi ya kushoto inatazamana na ya kulia. Mbao hukaushwa kwanza hadi unyevu ushuke kwenye kiwango wanachotaka.

Kisha nenda kwenye shingo, na hapo usiharakishwe. Shingo huchongwa kwa hatua: inatolewa umbo la awali, inaachwa ipumzike, halafu inachongwa tena. Ubao ukikatwa, nguvu zilizokuwa zimejifunga ndani yake zinaachiliwa, nao unajipinda. Baba aliegemeza mbao zake ukutani chini ya bati miezi mingi kwa sababu hiyohiyo, na wateja walimgombeza kila wiki. Shingo isiyopumzika itajipinda ukiwa umeshalipa. Bendi zinazotoka Dar es Salaam kwenda kupiga Dodoma zinajua hewa kavu inavyobadilisha gitaa: jana nyuzi zilikuwa laini, leo zinagonga freti, vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kwenye shingo. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma ya kurekebisha mpindo, lakini fimbo haiokoi ubao uliopotoka kama kamba. Kwa hiyo muulize kiongozi: shingo hii imepumzika muda gani, na zile zinazokataliwa zinakataliwa kwa kasoro gani? Mtu anayeijua kazi yake hufurahia swali hilo.

Utaona pia mashine zinazoongozwa na kompyuta zikichonga. Usivunjike moyo. Nafasi ya freti inataka usahihi ambao mkono hauwezi kuurudia gitaa baada ya gitaa, na kosa dogo la kipimo ni sauti iliyopotoka maisha yote. Mkono unarudi kwenye msasa, kwenye kuunganisha shingo na mwili, na kwenye rangi. Tazama wanavyoipaka: rangi inasuguliwa kwenye mepo hadi michirizi inywe zaidi ya sehemu nyingine. Ukingo wa mepo huachwa bila rangi, nao unabaki mstari mweupe unaozunguka gitaa. Wengi hudhani ni plastiki. Ni ubao wenyewe. Michoro ya ndege iliyopangwa kwenye shingo nayo ina asili yake: mama yake Smith alipenda kutazama ndege, na michoro ilitoka kwenye kitabu chake cha kuwatambua.

Uliza habari za Private Stock, kitengo cha oda maalumu kilichoanza 1996. Magitaa mengine ya kitengo hicho yamewekewa mpingo kwenye ubao wa vidole, ule wa juu ya shingo unapobonyeza nyuzi. Mpingo, mti wa taifa wa Tanzania! Usinyamaze hapo. Waambie kwamba Kilwa kuna vijiji vinavyosimamia misitu yao wenyewe na kuvuna mpingo kwa cheti cha FSC, cha misitu inayotunzwa vizuri, tangu 2009, na waulize wao wananunua wapi. Natamani kila Mtanzania anayepita pale aulize, ili wajue wenye mti wanafuatilia. Na kama unataka kusafiri na gitaa lako: mpingo na rozwudi, mbao nyingine ya magitaa, viliwekewa masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, Januari 2017, lakini tangu Novemba 2019 ala zilizokamilika zimeondolewa kwenye masharti hayo, isipokuwa za rozwudi ya Brazil.

Usinunue siku hiyohiyo, moyo ukiwa bado umejaa. Magitaa ya ngazi ya Core yanayotengenezwa Stevensville ni maelfu ya dola. Yale ya SE hutengenezwa Asia, mengi Indonesia, kwa bei ya chini sana. Siku nyingine nenda dukani, omba gitaa lao la Custom 24, la SE na la Core, uyashike moja baada ya jingine. Yapige kwanza bila amplifaya, sikio karibu na ubao, na upige sebene unayoijua, usipige vile vipande vya dukani ambavyo kila mtu hupiga. Sikiliza uzi wa tatu ukiupiga juu, freti ya 12 kwenda mbele: unadumu, au unakufa mapema? Kama SE inadumu sawasawa mkononi mwako, chukua SE, na pesa iliyobaki nunua amplifaya nzuri.