Sufuria moja ya maharage kwa familia isiyokula nyama na mbwa wake

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya nyumba ambayo nyama haipikwi, iwe ni kwa imani, kwa afya au kwa sababu ya bei, na ambayo pia anaishi mbwa anayetegemea chakula cha familia. Hapa Mbeya nyumba za namna hiyo si chache, na kila alasiri mpishi wake hukabiliwa na maswali mawili: kwa vilivyomo ndani nipike nini, na mbwa atakula nini. Njia ninayoitumia hujibu maswali yote mawili kwa kupanga upya kazi ileile ya kila siku. Maharage huchemshwa matupu, bila kitunguu, chumvi wala mafuta. Sehemu ya mbwa hutolewa. Ndipo chakula cha watu kinapoungwa. Jambo la kufurahisha ni kwamba mpangilio huo ndio pia unaoivisha maharage vizuri zaidi katika nyanda hizi za juu.

Hatua ya 1: Kagua vilivyomo kabla ya kushika kikapu

Kabla ya kwenda soko la Mwanjelwa, au hata kwenye genge la jirani, tenga vyakula ulivyo navyo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la vinavyokaa muda mrefu: maharage, mchele, unga na karanga. La pili ni la vinavyovumilia siku kadhaa: viazi mviringo, karoti, kabichi, boga na ndizi mbichi za Tukuyu. La tatu ni la vinavyoharibika upesi: mboga za majani, nyanya zilizoiva, maziwa na parachichi lililolainika. Mlo wa leo uamuliwe na fungu la tatu, fungu la kwanza lilete shibe, na sokoni ukanunue pengo tu. Mpishi anayeanzia sokoni hununua mchicha mpya ilhali wa jana unanyauka ndani.

Kwa familia ya watu sita na mbwa mmoja, vikombe vitatu vya maharage makavu vinatosha, pamoja na viazi sita au saba vya wastani. Maharage ya njano huiva mapema kuliko mengi mengine na mchuzi wake ni mzito. Maharage mekundu yana ladha nzuri lakini yanadai subira. Maharage ya msimu uliopita, ya aina yoyote, huchelewa kuiva, kwa hiyo muulize muuzaji ni ya lini.

Kagua na unga. Wapo wenye mazoea ya kumpikia mbwa unga ulioota ukungu kwa kuwa “ni wa mbwa tu”. Mbwa huathirika sana na sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kupika hakuiondoi. Unga usiofaa kwa mtoto haufai kwa mbwa.

Hatua ya 2: Loweka maharage usiku

Chambua maharage, yaoshe, kisha yaloweke kwa maji yanayozidi ujazo wake mara tatu. Saa nane hadi kumi na mbili zinatosha. Katika miezi ya Juni na Julai, ambapo maji ya bomba huwa baridi mno, anza na maji ya vuguvugu, kwa kuwa punje hunyonya maji polepole sana kwenye baridi. Asubuhi mwaga maji hayo na uyasuuze maharage. Hatua hii hupunguza gesi tumboni, kwa watu na kwa mbwa pia.

Hatua ya 3: Chemsha yakiwa matupu

Hapa ndipo wageni kutoka pwani hushangaa. Mbeya mjini ipo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa mgandamizo wa hewa hupungua kadiri unavyopanda, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100 za Dar es Salaam. Njombe, iliyo juu zaidi, maji huchemka kwenye joto dogo zaidi. Maji yakishachemka, kuongeza mkaa hakuyaongezi joto. Huongeza mvuke na gharama tu. Maharage ambayo Dar es Salaam yangeiva kwa saa moja yanaweza kudai hapa saa moja na nusu au mbili, na mpishi hana kosa lolote. Sufuria ya presha huondoa tatizo hili, kwa kuwa hubana mvuke na kupandisha joto: maharage yaliyolowekwa huiva ndani yake kwa nusu saa hivi.

Injika maharage kwa maji mapya yanayoyafunika kwa vidole vitatu, na yachemke kwa nguvu walau nusu saa kabla ya kupunguza moto. Usiipunguze nusu saa hiyo, hasa kwa maharage mekundu, kwa sababu mabichi yana sumu ya asili iitwayo lektini, ambayo huharibiwa na mchemko mkali, ilhali moto hafifu huiacha. Baada ya hapo unaweza kufunika na kuacha yatokote taratibu, au kuihamishia sufuria kwenye kikapu kilichosheheni blanketi ili maharage yaendelee kuiva bila mkaa. Anayeiweka kikapuni kabla ya mchemko mkali anahatarisha matumbo ya familia nzima.

Usitie nyanya, ndimu wala ukwaju katika hatua hii, kwani uchachu hukaza ganda la maharage. Chumvi haina kosa hilo, ijapokuwa wengi huisingizia. Tunaizuia kwa ajili ya mbwa. Kuhusu magadi, ni kweli kwamba huharakisha, lakini huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Mimi siyatumii.

Jambo moja kuhusu usalama: ukipikia jiko la mkaa ndani ya chumba wakati wa baridi, acha dirisha wazi. Mbwa hupenda kulala karibu na jiko, watoto humfuata, na hewa ya sumu ya mkaa haina harufu ya kuwaonya.

Hatua ya 4: Ongeza viazi, ndizi au boga

Maharage yakishapondeka kati ya vidole viwili, tia viazi vilivyomenywa, au ndizi mbichi, au vipande vya boga na karoti, kulingana na fungu la pili lilivyo. Viazi vyenye rangi ya kijani au vilivyochipua vimenywe kwa kina na macho yake yatolewe, na maganda hayo asipewe mbwa, kwa kuwa yana sumu iitwayo solanini. Funika kwa dakika ishirini na tano hivi, hadi kisu kipenye bila kulazimishwa.

Hatua ya 5: Toa sehemu ya mbwa

Hatua hii haiwezi kuahirishwa. Kitunguu maji, kitunguu saumu na majani yake, vikiwa vibichi, vimepikwa au vimesagwa, huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na za paka. Madhara huweza kuonekana siku kadhaa baadaye: mnyama anachoka, fizi zinapauka, anahema haraka na mkojo unageuka rangi ya kahawia. Kwa kuwa hukawia, watu wengi humlaumu kupe na kusahau mchuzi. Ukiziona dalili hizo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kwa mbwa mzima mwenye kilo 15 hivi, chota maharage na viazi kwa upawa, uviponde kwenye bakuli lake, kisha uchanganye kwa kipimo hiki: sehemu mbili za ugali laini au wali, sehemu moja ya maharage, na sehemu moja ya boga au karoti pamoja na yai la kuchemsha. Gawa kwa milo miwili. Mbwa ambaye hajazoea maharage aanze na vijiko viwili vitatu, aongezewe taratibu ndani ya wiki, la sivyo jioni hiyo hamtakaa naye chumba kimoja. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakikaushwa na kusagwa hadi yawe unga laini, hutoa madini ya kalisi. Nusu kijiko cha chai kwa siku kinamtosha mbwa wa uzito huo.

Kuna mjadala kama mbwa naye aishi bila nyama kwa sababu wenye nyumba hawaili. Mbwa anaweza kuishi hivyo akipata mayai na maziwa na chakula kilichopangwa kwa uangalifu, lakini chakula cha nyumbani peke yake mara nyingi hupungukiwa madini na vitamini fulani. Msimamo wangu ni kwamba uamuzi wa kutokula nyama ni wetu, haukuwa wake. Kwa hiyo tunanunua usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa wanaoletwa kutoka Kyela, tunawachemsha kwenye kisufuria chao nje ya nyumba bila chumvi, na kumchanganyia konzi moja. Mbwa mdogo anayekua na jike mwenye mimba au anayenyonyesha wasitegemee bakuli hili kabla ya kushauriana na daktari wa mifugo.

Paka hana mjadala. Mwili wake hautengenezi vya kutosha kirutubisho kiitwacho taurini, na akiikosa huharibika macho na moyo. Taurini hiyo huipata kwenye nyama na samaki. Anayetaka paka akubali kununua usipa, nyama, au chakula cha paka cha dukani.

Hatua ya 6: Unga sufuria ya watu

Sasa fanya yote uliyokuwa umejizuia. Katika karai, kaanga vitunguu kwa mafuta hadi viwe vya dhahabu, tia kitunguu saumu, kisha nyanya, karoti na hoho, uache nyanya zilainike kabisa hadi mafuta yaanze kujitenga, ndipo umimine kwenye maharage pamoja na chumvi. Acha vitokote pamoja dakika kumi.

Ubunifu wa mpishi huonekana vitu vinapokosekana. Nyanya zikipanda bei wakati wa mvua, ukwaju uliolowekwa au ndimu huleta uchachu unaohitajika, na karoti iliyokunwa huleta rangi na utamu. Mafuta yakiisha, koroga vijiko vinne vya karanga za kusaga kwa maji ya vuguvugu hadi ziwe uji mwepesi, uzimimine taratibu huku ukikoroga kwa mwiko bila kuondoka, kwa maana karanga hushika chini mara tu unapogeuka. Maziwa freshi huenda vizuri na ndizi, nayo yatiwe mwisho kabisa, baada ya moto kupunguzwa, na yasikutanishwe na ndimu. Parachichi lililoiva halipikwi: likatwe juu ya sahani na kunyunyiziwa chumvi na ndimu, na hapo mchuzi usiokuwa na mafuta hautalalamikiwa na mtu.

Hatua ya 7: Mboga za majani na ugali

Chainizi na figiri zinahitaji dakika chache tu karaini. Majani ya maboga yamenywe nyuzi kwanza, na mnafu uchemshwe na maji yake yamwagwe ili uchungu upungue. Songa ugali wa dona au pika mchele wa Kyela. Mahindi na maharage hukamilishana katika protini, ndiyo maana mlo huu humtosha hata anayelima siku nzima.

Ndimu au kipande cha pera baada ya mlo huusaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na majani, ilhali chai huyazuia. Kwa watu wanaoishi chini ya mashamba ya chai ya Rungwe hilo ni gumu kulisikia, lakini chai ingoje saa moja.

Hatua ya 8: Wakati wa kula

Mbwa alishwe kwanza, au alishwe wakati uleule lakini mahali pake, kwa sababu mbwa mwenye njaa chini ya meza atamshawishi mtoto kuliko katazo lolote la mama. Watoto wetu wanajua kwamba mbwa wetu Bobi hapewi kitu kutoka kwenye sahani, na mdogo wao amepewa kazi ya kumpelekea bakuli ili hamu yake ya kumlisha iishie hapo. Chakula hicho kiwe kimepoa.

Yapo mabaki mengine ya huku kwetu yanayohitaji kufunikwa kwenye pipa. Gunzi la mahindi ya kuchoma, lenye harufu ya moto na chumvi, mbwa hulimeza vipande vikubwa visivyomeng'enyeka, na vikiziba utumbo huishia kwenye upasuaji. Kokwa ya parachichi na ya embe zina hatari hiyo hiyo, kwa hiyo mwenye mti wa parachichi uani aokote yanayodondoka kila asubuhi.

Hatua ya 9: Kiporo

Maharage yaliyobaki yapoe, yafunikwe na yahifadhiwe kwenye jokofu. Asiye na jokofu ayachemshe tena kabla ya kulala na asubuhi ayachemshe kikamilifu kabla ya kuyala kwa chapati. Yakinuka uchachu, yamwagwe shimoni yafukiwe. Kiporo hiki tayari kina kitunguu, hivyo si cha mbwa hata kama kimebaki kijiko kimoja. Kiporo chake hutengwa katika hatua ya 5, kwenye kopo lenye mfuniko wa rangi tofauti, ili hata atakayewahi kuamka na kumlisha gizani asikosee.